Picha ya nyangumi nundu na mtoto wake: flashi ziache, fuata saa ya mtoto

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma lote, na kwa faida ya wengine nalifupisha: unasoma Auckland, umejichanga umepata nafasi ya siku chache kwenye boti kule visiwa vya Vava'u, Tonga, mwezi wa tisa, una kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa) na hausingi yake, yaani kasha la kuizuia isiingie maji, lenzi ya milimita 16-35, umezoea kupiga matumbawe na kasa Mnemba ukiwa na mtungi mgongoni, na jamaa mmoja amekushauri ukodi flashi mbili kubwa na lenzi ya jicho la samaki. Unataka urudi na picha ya mama nyangumi nundu na mtoto wake chini ya maji. Mwisho ukauliza kwanini usingoje tu upige Zanzibar, maana na kwetu wanapita.

Nianze na jibu lenyewe, mengine yatafuata. Hii picha haiamuliwi na vifaa, inaamuliwa na mama kama ametulia au hajatulia. Mama akiwa amejilalia pale chini hana wasiwasi na wewe, hata mwenye kamera ya bei ya chini anatoka na kitu, ila akishaamua kuondoka hakuna mtu wa kumfikia, yeye anapiga mkia mara mbili tu bila haraka na wewe umeshabaki na picha ya mkia unaopotelea kwenye bluu. Kwahiyo ule muda unaotaka kuumaliza kwenye maduka ya vifaa, utumie kumjua huyo mnyama anavyoishi siku yake.

Vifaa tuvimalize. Flashi usikodi kabisa. Kwenye matumbawe zinakusaidia kwasababu samaki yuko nusu mita mbele yako, lakini nyangumi atakuwa mita kumi au kumi na tano, na mwanga ukienda kule na kurudi maji yameshaumeza wote, kinachowaka ni zile chembe zinazoelea karibu na kioo, unapata madoa meupe picha nzima na nyangumi yuko gizani vilevile. Na ile mikono ya flashi inavuta maji ukiogelea, utachoka bure, achilia mbali kwamba waongozaji wengi hawataki hata kuziona karibu na mtoto. Unapiga kwa mwanga wa jua, basi.

Lenzi ya jicho la samaki nayo iache, na hapa najua kuna wapigapicha wazuri tu watanipinga. Ukipata nyangumi anayekuja mpaka mita mbili tatu ni lenzi tamu sana, ila mama mwenye mtoto mara nyingi anakaa mbali kuliko hapo, na kwa lenzi pana vile nyangumi wa mita 14 anaonekana kama dagaa kwenye sinia. 16-35 yako ndo yenyewe. Kuna hesabu ndogo ya kukaa nayo kichwani, ya kamera za fremu kamili: chukua umbali kwa mita, zidisha mara 36, gawa kwa milimita za lenzi, jibu ni upana wa maji utakaoingia kwenye fremu. Mita 15 kwa lenzi 16 ni kama mita 34 za maji, mama hafiki hata nusu ya picha. Zungusha ufike 24, inakuwa mita 22 na kitu, sasa mama na mtoto wanakaa vizuri na nafasi ya kupumua pembeni. Ila kumbuka kuvuta kwa lenzi hakupunguzi maji yaliyo katikati yenu, mita 15 za maji ni mita 15 za ukungu wa bluu, ndo maana picha kali zote unazozipenda zimepigwa karibu. Na ukaribu huo alisogea nyangumi, mpigaji alikaa kimya.

Sasa mnyama mwenyewe. Jike mzima ana mita 13 mpaka 16 na uzito wa tani 30 hivi, mtoto anazaliwa ana mita 4 na zaidi, karibu tani moja. Wanatoka bahari ya Antaktika kuja kwenye maji ya moto kuzaa, na wakiwa huku mama hali kitu, miezi kadhaa anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, na maziwa anayomnyonyesha mtoto yanatoka kwenye mafuta hayohayo. Ukimkimbiza umemchomea akiba ambayo hatairudisha mpaka afike tena Antaktika, na mtoto naye lazima awe ameshakomaa vya kutosha kuimaliza safari hiyo. Ndo sababu Tonga wana sheria, na sheria zenyewe sio mbaya: wageni wanne tu majini kwa wakati mmoja na juu yao mwongozaji mwenye leseni, na mtungi marufuku, ni snokeli na pumzi yako. Hapo New Zealand ulipo kuogelea na nyangumi hakuruhusiwi kabisa, nadhani ushalijua hilo. Tonga wenyewe walikuwa wakiwawinda nyangumi hawahawa mpaka mwaka 1978 mfalme Taufa'ahau Tupou IV alipopiga marufuku, leo wanaleta wageni kuliko kitu kingine chochote pale Neiafu, mji wa Vava'u, msimu ukifika.

Mwezi wa tisa umechagua vizuri. Mwanzoni mwa msimu, mwezi wa saba na wa nane, unaweza kukuta mtoto wa siku chache, ile pezi ya mgongoni bado imejikunja, mama yake anakuwa mkali wa kuhama hama. Kufika wa tisa wengi wameshakua kidogo, wana utundu, na mama wengi wameshazoea kelele za boti kwa mbali.

Hapa sasa ndo pa kusoma mara mbili. Mama akipumzika anaelea kimya kwenye kina cha mita kumi mpaka ishirini hivi, na mtoto anajibanza chini ya kidevu chake au chini ya pezi la ubavuni. Mama anaweza kukaa hapo dakika 15, 20 au zaidi bila kuja juu. Mtoto hawezi. Mapafu yake ni madogo, kila baada ya dakika tatu mpaka tano lazima apande avute hewa, anapanda peke yake, anazunguka, anapumua mara kadhaa, anawachungulia nyie mlioelea pale, anashuka tena kwa mama. Hiyo ndo saa yako, na ina faida moja kubwa kwamba inajirudia. Kwahiyo akipanda mara ya kwanza usipige, au piga moja ya kutulizia roho, alafu angalia: ametokea upande gani wa mama, mama kichwa ameelekeza wapi, jua liko wapi, na tazama saa ya mkononi. Akishashuka, wewe taratibu kabisa, pamoja na mwongozaji, jisogezeni mkae ubavuni jua likiwa mgongoni kwenu. Ikifika dakika ya tatu kamera iwe ishawekwa jichoni. Picha ninayoipenda mimi ni pale mtoto anapochomoka chini ya kidevu na kuanza kupanda, mama mzima amelala chini yake kama kivuli na mtoto amenyooka juu, inadumu sekunde chache tu, na watu wengi wanaikosa kwasababu wanaanza kuhangaika na kamera mtoto akiwa ameshafika juu.

Nafasi ya pili inakuja mama mwenyewe anapopanda. Utamuona kwanza yale mapezi meupe, hawa wa kusini mwa dunia wana weupe mwingi tumboni na chini ya mapezi, na pezi moja ni kama theluthi ya urefu wa mwili wake mzima. Unaona weupe unasogea kwenye bluu kabla hujaona nyangumi. Usisogee. Usiogelee kumfuata wala kumkimbia, kaa pale pale miguu imetulia, hapo ndo unarudisha lenzi kwenye 16 maana mara nyingi anapita karibu kuliko ulivyotegemea. Lenga jicho, liko juu kidogo ya kona ya mdomo, dogo ukilinganisha na kichwa, na ukiliona linakutazama bonyeza mfululizo.

Kuingia majini kwenyewe ndo wengi wanapoharibu. Usiruke, teleza kutoka kwenye ngazi ya nyuma ya boti, kamera upewe mkononi. Ukishaingia geuza hausingi uangalie domu, kile kioo cha mviringo mbele ya lenzi, lazima kutakuwa na vipovu vimeganda kwenye kioo, vipanguse kwa kiganja, alafu pangusa tena baada ya dakika moja maana vinarudi, ukivisahau utapata duara laini katikati ya kila picha na hutajua mpaka jioni kwenye kompyuta. Piga mapezi ya miguuni yakiwa chini ya maji muda wote, ile chapwa chapwa juu ya maji ndo inayomtoa mama. Kuna utafiti ulitoka 2017 kutoka ghuba ya Exmouth, Australia, walibandika vifaa vya kurekodi kwa watoto wa nyangumi nundu wakakuta mama na mtoto wanaongea kwa sauti ya chini mno, na watafiti wanadhani ni kuwakwepa nyangumi wauaji wasisikie. Sasa fikiria familia inayonong'ona namna hiyo alafu unaingia wewe na mapezi yako.

Kaeni kundi moja, bega kwa bega na mwongozaji. Mtu mmoja akijitenga kutafuta pembe yake mwenyewe mama anaona amezungukwa, anaondoka, na wale watatu wengine hawatakusamehe mpaka jioni. Kaeni ubavuni, sio mbele ya njia yake wala nyuma ya mkia, na kati ya mama na mtoto usiingie hata kama nafasi iko wazi na picha inakuita. Mtoto akija kwako, na atakuja, kumbuka hiyo ni tani moja au zaidi ya utundu yenye mapezi ambayo bado hajajua yanafika wapi. Rudi nyuma polepole, mikono mwilini, endelea kupiga. Kumgusa hapana.

Kuhusu kuzama kwa pumzi, muulize mwongozaji kabla hamjaingia, usisubiri mpaka mkiwa majini. Ukikaa juu tu unapiga mgongo mweusi juu ya bluu nzito, picha inakosa umbo, kwahiyo ukiruhusiwa kushuka mita chache ubavuni, mbali, ukawa usawa wake, tofauti ni kubwa sana. Lakini unashuka ukiwa pembeni, taratibu, humshukii yeye, na huendi chini ya mtoto. Asiporuhusu, subiri mama apande, pembe itakuja yenyewe. Na kwasababu umezoea mtungi, anza sasa hivi mazoezi ya bwawani, maana mtu wa mtungi akinyimwa mtungi anahema kama mgeni wa maji.

Seti za kamera. Weka kipaumbele cha shata (wewe unachagua kasi, kamera inapanga mengine), 1/320 ya sekunde kama kawaida, mtoto akianza kucheza juu ya maji panda 1/500, hapo na zile nyuzi za jua zinazocheza mgongoni zinaganda kali kabisa. Kwa kioo kikubwa cha domu na lenzi yako nataka apacha, lile tundu la lenzi, iwe karibu na f/8 ili kona zisilainike, kwahiyo wengine wanaenda manual na ISO ya otomatiki yenye mwisho 3200, na mimi ndo naipenda hiyo. Punguza mwanga kama theluthi mbili za stopu, ule weupe wa mapezi ukiungua haurudi, mgongo mweusi unaweza kuuinua baadaye. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, hilo sio la kujadili. Saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana jua linaingia vizuri, asubuhi sana linateleza juu ya maji tu.

Fokasi ina mtego ambao waliozoea nchi kavu wanaingia. Mtu anasema nyangumi yuko mbali, naweka fokasi mwisho kabisa, infiniti, nasahau. Usifanye hivo nyuma ya domu. Kioo cha domu kikiwa ndani ya maji kinatengeneza taswira iliyo karibu sana mbele ya kioo chenyewe, lenzi inadhani kitu cha mbali kiko nusu mita tu, kwahiyo ukiiweka infiniti picha zote zitakuwa na ukungu. Acha otofokasi ifanye kazi, pointi ya katikati au kundi dogo, na iwekee mahali penye mstari: weupe unapokutana na weusi, jicho, vile vinundu vya kichwani. Ukilenga ubavu mtupu wa bluu-nyeusi itatafuta mbele nyuma mbele nyuma na saa ya mtoto imepita.

Oringi, ile pete ya mpira inayoziba hausingi, kagua usiku kwa tochi, grisi kidogo tu. Hausingi usiifunge kwenye chumba chenye unyevu alafu uitie kwenye maji ya baridi, domu itaota ukungu kwa ndani, weka pakiti za silika. Wetisuti ya milimita tano sio uoga, maji yanakuwa kama nyuzi 24 hivi na wewe unaelea bila kujongea, utatetemeka na kutetemeka kunaonekana kwenye picha.

Dalili za kuondoka uzijue mwenyewe usingoje kuambiwa. Mama akimhamishia mtoto upande wa pili wake, akianza kugeuka geuka kukupa mgongo, mapumziko yake ya chini yakifupika, akipiga mkia. Mara nyingi pia kuna dume linalowasindikiza, halina uhusiano na mtoto, linasubiri bahati yake kwa mama, na likija kukaa kati yenu na kuachia msururu wa mapovu hilo ni onyo limeshatolewa. Mnatoka. Kuna watu wanabishana na nahodha eti wamelipa hela nyingi, sasa hela hiyo nyangumi kaipokea lini?

Kwenye kuhariri, rangi nyekundu imeshaliwa na maji tangu mita chache za juu, usilazimishe joto la rangi mpaka nyangumi awe kahawia, rekebisha mpaka weupe wa pezi ukaribie kuwa mweupe na uishie hapo. Ongeza kontrasti kwa mnyama tu, sio bluu yote. Siku za maji ya ukungu geuza nyeusi na nyeupe, mama na mtoto kwenye kijivu wanatoka vizuri kuliko bluu ya matope.

Sasa Zanzibar. Ni kweli wanapita, mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi, mkondo wa Zanzibar, Kizimkazi, na kwa wenzetu wa Kenya Watamu. Lakini ndo msimu wa kusi, bahari imechafuka, upande wa mkondo maji hayaonyeshi mbali, na mama anayepita na mtoto sio sawa na mama aliyetulia kwenye ghuba ya Vava'u. Kingine ni hiki, na ni maoni yangu: pomboo wa Kizimkazi tumeshawaona wanavyozungukwa na boti na watu wakiwarukia juu yao, na tafiti zilizofanywa palepale zimeonyesha tabia yao inavurugika. Sitaki tuanze hivyo hivyo kwa nyangumi wenye watoto kabla hakujawa na utaratibu unaosimamiwa. Kwa wasomaji wa Muscat wanaoniuliza kila mara, nyangumi nundu wa Bahari ya Arabu ndo kabisa, hawahami, wako hapo mwaka mzima na wanakadiriwa hawafiki mia, wapigeni picha kutoka kwenye boti kwa mbali.

Kwetu chukua lenzi ndefu, 100-400 au hata 70-300, kaa kwenye boti, na upige picha upande wa chini wa mkia mama anapozama. Michoro ile ya nyeusi na nyeupe na kingo zilizokatika katika ni kitambulisho chake, kuna mtandao unaitwa Happywhale unaolinganisha mikia ya dunia nzima. Dume mmoja alipigwa picha pwani ya Kolombia upande wa Pasifiki mwaka 2013, na tena 2017, alafu 2022 mkia huohuo ukatokea mkondo wa Zanzibar, zaidi ya kilomita 13,000 kwa mstari ulionyooka. Imejulikana kwasababu kuna watu walipiga mikia. Shata 1/1000, ngoja mgongo ukunje, mkia ukiinuka piga mfululizo mpaka uzame, hata picha isiyo kali sana inafaa. Andika tarehe na mahali, itume. Vava'u pia fanya hivohivo ukiwa unasubiri zamu yako ya kuingia majini.